Fremu moja ya koito iliyotaka kuvunja harusi ya dada yangu, na jinsi nilivyoisoma

Wakuu, hamjambo nyote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Najua nikisema natoka Bomet kuna watu watasema papo hapo kwamba naleta chai, yaani hadithi ya kutunga. Majani tunayo, tena mengi, mpaka nyuma ya choo. Lakini niliyoleta leo si chai. Nilikuwepo, kamera ilikuwa mkononi mwangu, na aliyekaribia kukosa mume ni dada yangu, tumbo moja.

Kwanza mnijue kidogo, mtu asije akaniuliza mimi ni nani nisome picha.

Mimi ni mtoto wa Silibwet. Nilienda Doha na begi moja na sweta ambayo huko haikunisaidia chochote. Nikalinda mlango wa jengo la watu miaka mingi. Wenzangu walipokuwa wakipiga selfie na magari yasiyo yao, mimi nilikuwa nasoma filamu. Niliporudi nikamalizia masomo Nairobi. Nina diploma.

Naandika tena kwa sababu humu kuna watu wanaosoma haraka: diploma. Si cheti cha semina ya wikendi. Na hakuna mjomba aliyenisaidia.

Leo nina studio Bomet mjini, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Nafanya harusi, mazishi, graduation na video za kwaya. Ukiona video ya kwaya ambayo waimbaji hawajasimama kama watu wanaongoja mgao wa mbolea, jua mimi nimepita hapo.

Haya, tuingie.

Dada yangu anaitwa Cherono. Alipata mchumba, Evans, Mkisii wa Nyamira, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Kericho. Kijana mtulivu. Anakula ugali mpaka unaisha bila kutoa hotuba. Mama alimpenda kwa hilo tu.

Tukafanya koito.

Kwa wasiojua, koito kwetu Wakipsigis ni siku ambayo familia ya kijana inakuja nyumbani kwa msichana. Wazee wanaongea, wanazunguka, wanarudi pale pale, halafu wakikubaliana kinafanyika kitendo kimoja ambacho ndicho muhuri. Wazazi wanapakana siagi ya ng'ombe kwenye paji la uso. Baba kwa baba, mama kwa mama. Kuanzia hapo hawaitani tena kwa majina. Wanaitana pamwai, yaani tuliopakana mafuta.

Ukipakwa, umekuwa wa hapo. Usipopakwa, ulikunywa chai ukaenda.

Mpiga video alikuwa nani? Msiulize. Na niliiambia familia mapema kwamba hawatapata video, watapata filamu. Video ni kamera imewashwa. Filamu ni mtu amefikiria.

Basi saa ya siagi ilipofika, mimi nikafikiria.

Nilikuwa nimekiweka kile kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, juu ya meza, kina shanga shingoni na majani ya sinendet, mmea wetu wa sherehe, yamekizunguka. Nikashuka chini na kamera, nikakiweka kibuyu mbele kabisa, upande wa kulia, kwenye theluthi ya picha, maana binadamu mwenye diploma haweki kitu katikati ovyo. Nikafungua lenzi yote. Kibuyu kikatoka mpaka unahesabu shanga. Watu nyuma wakawa ukungu laini. Nikaweka slow motion, ambayo kwa kamera yangu haichukui sauti, nikijua nitaweka muziki.

Mama akaanza kusogea na siagi yake. Wakati huo huo baba yangu mdogo, Mzee Kirui, aliyekuwa msemaji wetu, akasimama mbele yangu na kofia yake. Kofia ile ni pana. Ilipita kwenye lenzi kama wingu la Aprili. Ilipoondoka, kazi ilikuwa imekwisha na watu wanapiga makofi.

Sikushtuka. Nilijua nina shot ya maana.

Siku zikapita. Asubuhi moja Evans akapanda ngazi za studio peke yake, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Shemeji," akasema, "mama anasema haji harusini."

"Kwa nini?"

"Hakupakwa. Anasema mlimruka, mkampaka mama mdogo."

Mama mdogo anayesemwa ni Moraa, mdogo wake mama Evans. Ni mwalimu, huvaa miwani, anaongea kama yuko paredi. Mama Evans mwenyewe anauza ndizi sokoni.

"Anasema mliona mwalimu, mkaona muuza ndizi, mkachagua," Evans akaongeza.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi bila mama siingii kanisani."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. Hapo ndipo nilijua mambo yameharibika. Mtu anayepiga kelele unaweza kumtuliza. Huyu hakuwa na kitu cha kutulizwa.

Nikaenda kumwambia Mama. Alikuwa anachuja maziwa, nusura ndoo imponyoke.

"Mimi? Nimruke mgeni nyumbani kwangu? Hiki kidole ndicho kilimpaka! Alifumba macho akasema asante! Kama kuna mtu wa kulaumiwa ni yule dada yake wa pembeni, nilimwona akijiondoa kama vile nimeshika lami."

Mnaona sasa. Wao wanasema tumewaruka. Sisi tunasema wamejiondoa. Na kila upande una shahidi aliyekuwa karibu kabisa na asiyekumbuka vizuri.

Ndipo mtu akasema neno ambalo nilikuwa nimelingoja maisha yangu yote: "Si Kiptoo alikuwa na ile kamera kubwa?"

Kiptoo ni mimi.

Nikarudi studio, nikapitia ile shot. Kabla kofia haijafunika kila kitu, kulikuwa na fremu moja safi. Moja tu. Nikaituma kwenye group ya familia.

Wakuu, mnapaswa kuielewa familia yangu. Ni watu wa kanisa, lakini wakishika simu wanakuwa watu wengine.

Baba mdogo Kirui akaandika: "Kwani hii ilikuwa koito ya kipuyu?" Yeye b na p huzibadilisha apendavyo, kwa mdomo na kwa kidole.

Binamu yangu: "Hongera kibuyu. Mahari ilikuwa ngapi?"

Mwingine: "Hao watu wa nyuma ni mapapai ama?"

Cherono hakuandika. Alinipigia. "Kiptoo, naolewa mara moja tu maishani, na wewe ukapiga picha ya maziwa." Halafu nikasikia anavuta pua.

Huyo ni dada aliyekuwa akinitumia sauti za mvua ya nyumbani nikiwa Doha. Nikafunga mlango wa studio, nikaweka fremu kwenye skrini kubwa, nikavuta kiti.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtu aliyesoma huachana na mtu wa kubonyeza tu.

Fremu ukiisoma kwa haraka, jicho linakimbilia kilicho wazi. Kwangu kilicho wazi ni kibuyu. Ndivyo nilivyoipanga, na ninasema mbele yenu kwamba kibuyu kile kimepigwa vizuri sana. Lakini mtu anayesoma fremu lazima alishike jicho lake kama mbuzi na kulipeleka lisikotaka kwenda. Nikaanza na mwanga.

Mlango uko nyuma, kulia, na uko wazi. Nje kuna shamba letu la chai. Jua likipiga majani yale, mwanga unaoingia ndani una kijani. Ukuta wetu mweupe umekuwa kama maji ya mboga. Kwa hiyo kitu chochote chenye mafuta au kioo ndani ya chumba kile kitang'aa upande ulioelekea mlango. Shikeni hilo.

Katikati, kwenye ukungu, kuna wanawake wawili kwenye benchi. Wote kitenge cha machungwa, wote kilemba, kwa sababu wageni walivaa sare. Kutoka kushoto unaingia mkono wa Mama. Huo hata mtoto anauona. Umenyooka kwa mshazari, unapanda, na mwisho wake uko kwenye paji la uso la mwanamke wa pili.

Si wa kwanza. Wa pili.

Mkono umepita juu ya nafasi tupu, halafu ukafika. Nafasi yenyewe ni kama pengo la jino. Kama mimi ni mama Evans na nimekaa hapo, na ninauona mkono huo ukinipita, mimi pia ningeenda kuuza ndizi zangu na kuwaacha na harusi yenu.

Nikamkaribia huyo wa pili. Kwenye paji la uso kuna duara dogo la mwanga. Hiyo ni siagi. Chini yake kuna viduara vingine viwili, vidogo, viko sambamba.

Nikasimama. Nikatembea ndani ya studio.

Siagi haina watoto, wakuu. Vile viwili ni miwani.

Maana yake aliyepakwa ni mwalimu Moraa. Mama yangu mzazi alikuwa amekosea, na nilipaswa kumwambia. Nawaambia ukweli, kumwambia mama wa Kikipsigis kwamba amekosea ni kazi ambayo hawaifundishi kwenye diploma.

Lakini nilikuwa sijamalizana na yule wa kwanza.

Sisi tulikuwa tumesema amejiondoa kwa dharau. Na kweli mwili wake umeinama nyuma. Ukiangalia mstari wa mgongo tu, unasema huyu amekataa. Nikauliza, kama amekataa, mkono wake uko wapi? Mtu akikataa kupakwa anainua mkono, kiganja kinamwelekea anayempaka. Mama yuko kushoto. Kwa hiyo mimi niliye mbele ningeona ubavu wa mkono, au mgongo wake, mweusi.

Mkono wa huyu mama uko chini, kiunoni, na una weupe. Ni kiganja. Kimefunguka kuelekea katikati ya chumba, kama usher wa kanisa anapokuonyesha kiti.

Halafu macho. Uso ni ukungu, pua haionekani, lakini kilemba kina fundo mbele, na fundo limeelekea mlangoni. Mwenye dharau hutazama chini, au hutazama dari. Aliyerukwa hutazama mkono uliomruka. Huyu hatazami siagi kabisa. Amegeuka, anatazama nyuma.

Anamngoja mtu.

Nani? Hilo fremu haikuniambia. Fremu ina kona nne, na huyo mtu alikuwa nje ya zote. Nikapiga simu kwa Evans. Nikamwambia asimbembeleze mama yake kwa ajili ya harusi. Amwambie tu kwamba nina swali moja, na jibu analo yeye.

Wakaja nyumbani kwetu Jumapili baada ya kanisa. Mama Evans alikaa kwenye ukingo wa kiti na mkoba mapajani, namna mtu anavyokaa kwa daktari wa meno. Moraa akakaa karibu naye. Sikutaka kusema mapema, lakini walipoondoa vitambaa vya kichwani walifanana mpaka Mama akakunja uso. Miwani ndiyo iliyowatenganisha.

Nikawasha TV. Nikasimama mbele na fimbo ya kuelekezea, ambayo kwa kweli ni antena ya redio. Nikaanza na mwanga wa kijani.

"Kiptoo," Mama akasema, "fika kwa watu."

Nikafika. Nilipoonyesha vile viduara viwili na kusema ni miwani, Mama aliinuka mpaka karibu na TV, akatazama, akamgeukia Moraa.

"Wewe si ndiye mama Evans?"

"Mimi ni mdogo wake."

"Lakini tumeongea kwenye simu mara nyingi!"

"Mmeongea na dada," Moraa akasema. "Kwenye simu miwani haionekani."

Baba mdogo Kirui akakohoa. Yeye ndiye aliyetambulisha wageni siku ile, ukoo mzima kwa pumzi moja. Mama Evans bado alikuwa ameshika mkoba. Uso wake haukuwa umebadilika. Kumpaka mwalimu kwa makosa hakukumwondolea uchungu. Bado alikuwa pale, akapitwa.

Nikaweka ncha ya antena kwenye kile kiganja cheupe.

"Mama, hapa wote tumesema ulijiondoa. Mimi naona ulikuwa unampisha mtu. Ulikuwa unampisha nani?"

Mama Evans alinitazama kama mtu ambaye hakutarajia kuulizwa.

"Nilikuwa nampisha Bamwai," akasema.

Mama akaiacha TV, akamgeukia.

"Unampisha nani?" Mama akauliza.

"Bamwai. Si huyu mzee wa kofia alikuwa anaita? Bamwai, njoo mbele. Bamwai, usiogope. Mimi nilidhani ni mama mkubwa wa hapa, labda bibi ya chief. Nikasema, sisi wageni tusizibe njia. Nikasogea apite. Nikaangalia mlangoni, haji. Kugeuka, naona Moraa anapakwa."

Moraa akaweka mkono kifuani. "Na mimi nilikuta nafasi imebaki na siagi iko njiani. Ningeikwepa? Nilidhani ni ya wageni wote, nikangoja zamu yako ifike."

Mama yangu alikuwa amefunika mdomo na leso. Alipoitoa, alisema maneno matatu tu.

"Pamwai ni wewe."

Mama Evans hakuelewa mara moja. Cherono ndiye aliyepiga magoti karibu naye akamweleza polepole: si jina la mtu, ndivyo mama yangu anavyomwita mama wa mume wangu. Siku ile walikuwa wanakuita wewe. Wewe ndiye ulikuwa ukingojwa na chumba kizima.

Akawa anamtazama Cherono. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia, lakini kilichotoka ni kicheko, kile cha sokoni cha kushika tumbo, na Moraa akacheka naye. "Nimejipisha mwenyewe!" akawa anasema. "Nimesogea nijipishe mimi mwenyewe!"

Sasa mtadhani imekwisha. Baba mdogo Kirui akainua kidole.

"Mafuta hayapakwi mara mbili."

Chumba kikapoa. Na kusema haki, mzee hakuwa na ubaya. Kwetu hilo ni jambo la kweli, koito haifanyiwi marudio kama mtihani. Evans akatazama sakafu. Mimi nikafungua mdomo, kwa sababu nina diploma, lakini Mama alinitangulia.

"Mara mbili wapi? Huyu hajapakwa hata mara moja. Picha imesema."

Mzee akafikiri. Akatazama TV, akatazama antena yangu, akatazama kofia yake iliyokuwa kwenye goti. Akamtazama Moraa. "Na hii ya mwalimu?"

"Yangu siifuti," Moraa akasema.

"Basi tuna pamwai wawili kwa harusi moja. Mtatumaliza na chai."

Mama alikuwa ameshaingia jikoni. Akarudi na siagi kwenye kibakuli cha mbao. Mzee Kirui akavaa kofia, akasimama, mbali na kamera safari hii, na akaita kwa sauti ya siku ile ile.

"Bamwai, njoo mbele."

Mama Evans akaweka mkoba chini na kusimama.

Sitaeleza sana hapo. Mama alimpaka polepole, paji lote, mpaka mashavuni, kwa siagi ya watu watano. Na yule mama akachota kilichobaki kwenye uso wake mwenyewe akampaka Mama. Hakuna aliyemfundisha. Evans alitoka nje akasimama kwenye majani chai akitupa mgongo, na tulimwacha.

Nilipiga video, ndiyo. Nyuso zao katikati, kila kitu kiko wazi mpaka ukutani, shot ambayo hata mtu wa cheti angeipiga. Nilikubali kwa ajili ya amani. Cherono aliitazama mara nyingi sana na hakunisifu, lakini ameiweka kwenye simu yake pale mbele, na mimi najua kusoma fremu.

Harusi ipo, kanisani, na mama Evans ameshatangaza kwamba ndizi za siku hiyo hakuna wa kuleta ila yeye.

Sasa funzo, maana humu tunafundishana.

Kwenye fremu, aliye wazi zaidi si lazima ndiye mwenye habari. Tazama kiganja kimeelekea wapi, tazama uso unamngoja nani, tazama pengo. Lakini ukishasoma yote hayo, na aliye pichani yu hai, mwulize. Sisi karibu tuvunje nyumba kwa kubishana kuhusu mgongo wa mtu aliyekuwa akitupa heshima. Na nyinyi mnaooana na makabila ya jirani, neno lolote mnalomwitia mgeni, mtafsirieni kabla hamjamwita.

Wakuu wa Kisii, wa Kericho, wa kwingine, semeni. Nani kwenu alishawahi kuitwa jina la heshima akasogea ampishe mwenyewe? Na kama una fremu ya sherehe inayowagombanisha nyumbani, iweke hapa chini tuisome pamoja. Wenye cheti mnaruhusiwa pia kuchangia, ila mnyooshe mkono kwanza.